Fataki Mfukoni mwa Shati

Gobore la marehemu baba lilikuwa na kibali, nami nilikuwa na somo lake. Nilikuwa mwalimu hadi nilipostaafu, kwa hiyo sikuona kitu cha kunishinda kwa wajukuu wawili. Kila binti yangu alipowaleta kijijini kwangu Kisiwani kwa likizo kutoka Same mjini, niliwakalisha kwenye mkeka sebuleni hata chai hawajanywa, nikaliteremsha gobore ukutani.

"Linaguswa na nani?"

"Babu na bibi!"

Bibi ndiye mjukuu mkubwa, msichana wa miaka tisa. Amerithi jina la marehemu mke wangu, na kwa utani wetu ananiamrisha kama mwenye nyumba: babu nyoa ndevu, babu vua hilo shati linanuka. Nilimpa cheo cha kulipangusa gobore kwa kitambaa cha mafuta. Alijua mtutu, nyundo, na kile kichomozo cha chuma ambapo fataki hukaa.

"Na kila kitu?"

"Kina mahali pake!"

Mwisho wa somo nilielekeza mtutu juu, nikavuta nyundo na kufyatua. Ta! "Mnaona? Bila fataki, hili ni mchi wa kutwangia." Fataki zenyewe, vifuniko vidogo vya shaba vinavyowasha baruti, zilikaa mfukoni mwa shati langu. Nilivimba kichwa. Majirani wanaficha bunduki zao, nilijisemea, mimi naelimisha.

Sikuwaambia kwamba mtutu ulikuwa umeshindiliwa baruti na vyuma muda wote. Kushindilia gobore kunachukua muda, na nyani hawasubiri. Wakishuka mlimani mchana na kuingia kwenye mahindi, unataka kupachika fataki tu na kupiga hewani. Wenye magobore ninaowajua mimi huku bondeni wanafanya hivyo hivyo. Hatuhesabu kwamba bunduki ina kitu mpaka iwe na fataki.

Likizo waliyokuja mara ya mwisho, bibi aliamua kunifulia mashati. Mfukoni mwa moja akakuta fataki. Mimi nilikuwa shambani. Akapanda kiti chini ya gobore, akairudisha mahali pake, akaendelea kufua.

Mchana ule mdogo wake, wa miaka mitano, alisimama mlangoni akilitazama gobore, hataki kupita chini yake. "Litanipiga?"

"Haliwezi," nikasema. Nikaliteremsha nimwonyeshe. Sikukagua. Mwalimu gani anakagua kitu anachokijua?

Nilielekeza mtutu juu kama kawaida, nikafyatua. Mlio na moshi mzito vilijaza chumba kizima, na bati juu ya kichwa cha mtoto likatoboka. Hakuumia. Alikuwa ameziba masikio, mdomo wazi, sauti haitoki.

"Nani ametia fataki?"

Bibi alikuwa amekuja mbio kutoka uani, mapovu mikononi. Akanyoosha kidole juu, kama darasani.

"Ulitaka kumuua mdogo wako!" nikamfokea, na mdogo wake amesimama pale pale.

Binti yangu alikuja kuwachukua jioni ile ile. Hakuketi.

Wiki iliyofuata nililipeleka gobore kituo cha polisi, wakalipokea. Nikampigia binti yangu kumpa habari hiyo, nikitegemea ataniambia likizo ijayo watoto watakuja. Akasema, "Baba, mimi nilishamalizana na hiyo bunduki. Mtoto wangu haongei." Kisha akasema ana kazi.

Likizo moja ikapita, hakuna aliyekuja. Nyani wanashuka watakavyo. Nasonga ugali mwingi kwa mazoea, nakula peke yangu, unaobaki nawapa kuku. Siku nyingine naenda dukani kununua kiberiti ambacho sikihitaji, ili mtu anisalimie. Upweke unauma, sina namna nyingine ya kuusema. Na katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba nilikosea. Nilizoea wao ndio wakosee.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, nilipiga simu na kumwomba binti yangu ampe bibi simu. Akampa.

"Shikamoo, babu." Bila utani wowote.

"Marahaba. Bibi, sikiliza. Lile gobore lilikuwa na baruti ndani. Mimi nilijua, na sikuwaambia. Wewe ulifanya nilivyokufundisha. Kosa lilikuwa langu, lote. Umenisikia?"

Nilingoja aniambie babu usijali, au alie, au aniulize kama nimenyoa ndevu.

"Nimesikia," akasema. "Mwambie na mdogo wangu. Mpaka leo hakubali kulala chumba kimoja na mimi."