Macho Niliyoyafunua Juani

Asubuhi moja, mwanangu, nilikutana sokoni Kisii na wasichana watatu niliosoma nao, na kwa majigambo ya dakika chache nikaharibu kazi ambayo mtoto wa dada yangu alikuja kuilipia kwa jicho lake. Asubuhi hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Ukiisikia sauti yangu imekaza, ujue sababu. Juzi ulipokuja kunitembelea hapa Kebirigo ulinieleza, chai mkononi, huku ukicheka, kwamba katika maabara ya chuo chenu vipande viwili vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, vilitoa majibu yasiyolingana na vingine, nanyi mkavitupa, mkaandika kana kwamba havikuwahi kuwapo. Ukasema, "Bibi, kila mtu hufanya hivyo." Nikakuongezea chai. Mtu akisema hasira ikiwa bado mbichi, hutukana. Sasa imepoa kidogo tu. Kwa hiyo keti unisikilize.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule nikaajiriwa katika hospitali moja ya milimani, ambayo jina lake sitalitaja, nimsaidie daktari Mzungu aliyekuwa akichunguza macho. Alinichagua kwa sababu mkono wangu ulijua kuchora. Yeye alitazama kwenye hadubini, kisha mimi, nami nikachora nilichokiona kwa penseli, chembe kwa chembe. Wenzangu walikuwa wanachuma chai au wanabeba ndizi, na mimi nimevaa koti jeupe. Kichwa kilivimba, mwanangu. Nilitembea kama niliyeumba jicho mwenyewe.

Mwaka ule surua ilikuwa imepita vijijini, na baada yake watoto wengi wakaanza ugonjwa wa ajabu. Mchana wanaona, wanacheza. Jua likianza kushuka nyuma ya vilima, wanapapasa kuta. Hospitali ilikuwa ikiwapa mafuta ya ini la samaki, kijiko kwa kijiko, na mama zao walisema yanasaidia. Lakini daktari wangu hakuamini. Alishikilia kwamba ugonjwa ule ni wa asili ya watu wa vilima hivi, hauhusiani na chakula, na kwamba mafuta yanapotea bure.

Wewe unajua, nawe umesomea, kwamba nyuma ya jicho kuna chembe ndefu nyembamba zinazoona katika mwanga hafifu. Ndani yake mna rangi ya zambarau. Mwanga ukiigusa, rangi hufifia, na kufifia huko ndiko kunakoifanya chembe ipeleke habari kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, hadi ubongoni. Palipo giza, rangi hurudi. Mwili ukikosa kile kilichomo katika mboga za majani na maini, hairudi vizuri.

Daktari hakuweza kupasua macho ya watoto, basi akaamua kupasua ya ng'ombe. Aliniambia hivi: "Ng'ombe wa hapa wanakula majani mabichi mwaka mzima. Hawawezi kukosa chakula cha macho. Tukikuta kwamba hata wao rangi ni chache, tutajua chakula si sababu." Ng'ombe walilazwa katika zizi lenye giza, wakachinjwa alfajiri, macho yakatiwa kwenye mkebe wenye kifuniko uliofungwa kitambaa cheusi. Kazi yangu ilikuwa kuuchukua mkebe ule machinjioni mjini na kuufikisha katika chumba cha giza hospitalini bila kuufungua. Hiyo tu. Mtoto wa miaka saba angeiweza.

Mchinjaji alikuwa Mzee Salim, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara ya biashara, mwenyewe akazaliwa Kisii na kukisema Ekegusii, lugha yetu, kuliko vijana wenu wa leo. Asubuhi ile alinikabidhi mkebe akaniambia, "Binti, nimewafunga ng'ombe hawa gizani kama ulivyoniagiza. Usinitie aibu njiani."

Nikacheka. Nikaondoka. Nikafika sokoni jua limeshapanda.

"Eh, Kemunto! Umebeba nini?" wale wasichana wakaniuliza. "Chakula cha daktari?"

Ningeweza kusema ni dawa. Lakini nilitaka wanitazame. Nikafungua kitambaa, nikainua kifuniko, nikatoa macho moja moja nikawapa mikononi. Wakapiga kelele, wakayageuzageuza juani. Nami nikawa nawaelezea kwa maneno ya Kiingereza ambayo hata mimi sikuyaelewa vyema. Watu wakajaa. Niliporudisha kifuniko, macho yote kumi yalikuwa yamekwisha kuoga jua.

Hospitalini, chini ya taa nyekundu, daktari alipasua la kwanza. Utando ulikuwa umepauka kama karatasi. La pili, hivyohivyo. Akasimama, akapiga meza kwa furaha.

"Unaona? Hakuna kitu! Nilisema!"

Mwanangu, hapo ndipo ulimi wangu ulipopaswa kufanya kazi. Nilijua kwa nini utando umepauka. Maneno yalikuwa manne tu: Bwana, nilifungua mkebe njiani. Nikaogopa kufukuzwa. Nikaogopa kuvuliwa koti jeupe. Yeye akasema, "Chora," nami nikachora ule utando mweupe, nikaandika jina langu pembeni. Nilichora nilichokiona, nilijiambia. Huo ndio uongo mbaya kupita wote, ule unaoweza kuutetea.

Na yeye je? Usinifanye nimwonee huruma. Mtu mwenye elimu kama ile alipaswa kuniuliza: mkebe ulifika vipi? Alipaswa kurudia mara ya pili, ya tatu. Hakurudia, kwa sababu jibu lilikuwa lile alilolitaka. Akaandika ripoti upesi, akaipeleka kwa wakubwa wake, na kabla mwezi haujaisha hospitali ikaacha kuwapa watoto mafuta.

Dada yangu Nyanchama alikuwa ameolewa upande wa Nyacheki. Binti yake Moraa alikuwa na miaka minne na alikuwa miongoni mwa watoto wa surua. Dada alitembea maili nyingi kumleta kufuata kijiko chake cha mafuta, akaambiwa hakuna tena. Akanitafuta.

"Kwani wewe si unafanya kazi na daktari huyu?" akaniuliza. "Muulize. Mtoto alikuwa ameanza kuona tena jioni."

Nikamjibu, "Utafiti umeonyesha hayasaidii." Naam. Nilimwambia hivyo dada yangu wa tumbo moja, nikiwa nimevaa koti safi. Akanitazama, akamfunga mtoto mgongoni, akarudi alikotoka.

Baada ya majuma machache jicho la kushoto la Moraa lilikuwa limekauka, likafanya kidonda, kioo chake cha mbele kikawa cheupe kama ganda la yai. Nilipopata habari sikwenda kwa daktari. Miguu ilinipeleka machinjioni, nikalia mbele ya Mzee Salim hadi nikamweleza yote, sokoni na wasichana na mchoro.

Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona Mzee yule amekasirika. Aliweka kisu chini, akanawa mikono polepole mpaka nikatamani anipige.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini nachinja ng'ombe tangu ndevu zangu nyeusi. Nyama ikiharibika kwangu, naimwaga mbele ya watu, hasara yangu, aibu yangu. Siichanganyi na nzima nikauza. Wewe umeuza nyama iliyooza kwa watu wasioweza hata kuinusa. Na umeniweka na mimi ndani, kwa kuwa ng'ombe ni wangu. Ng'ombe wale walikuwa wanaona gizani, binti! Usiku walipita penye shimo bila kukosea hatua."

"Nifanye nini, Mzee?"

"Unaniuliza mimi? Kamwambie mwenyewe. Leo. Na koti hilo ulivue kwanza, uende ukiwa mtu."

Kisha akakata ini la ng'ombe, vipande vikubwa, akavifunga kwa jani la mgomba. "Hili mpeleke dada yako. Mama yangu alitulisha ini macho yalipokuwa mazito. Kila Jumatatu na Alhamisi ini la kwanza ni la watoto wa surua. Waambie waje."

Nilikwenda kwa daktari. Nilimwambia yale maneno manne. Hakupaza sauti. Alipanga karatasi zake akasema, "Ripoti imeshapelekwa. Huwezi kujua kama jua ndilo lililoiharibu." Nikamwomba turudie. Akakataa. Nikamwambia mtoto amepoteza jicho. Akasema watoto wa huku hupoteza macho kwa sababu nyingi. Nikafukuzwa mchana uleule, na hadi leo nikikumbuka mikono yake ikipanga karatasi, damu yangu inachemka. Nimezeeka na bado inachemka. Sina haja ipoe.

Lakini sikuondoka mikono mitupu. Mzee Salim alinifungia ng'ombe wengine gizani, na muuguzi mmoja mwema, wakati daktari amesafiri, akanifungulia chumba cha giza. Jicho kwa jicho, utando ulikuwa wa zambarau kama ua la kiazi. Nikachora, nikaandika pembeni kila kitu: saa ya kuchinja, njia niliyopita, na chini yake habari ya mkebe wa kwanza nilioufungua sokoni, na jina langu. Mwaka uliofuata alikuja daktari mwingine, kijana, akausoma mchoro ule aliopewa na muuguzi yule, akarudia mwenyewe, akaandika barua ya kusahihisha. Mafuta yakarudi. Watoto wengi walipona. Wengine walikuwa wameshaanza kuona jioni kabla ya hapo, kwa maini ya Mzee Salim. Moraa alibaki na jicho moja.

Yule daktari kijana ndiye aliyenisaidia nikasome zaidi. Mengine unayajua: miaka yote ile nikiwa nimeinamia hadubini, nikiuliza chembe inayoguswa na mwanga humwambia nini jirani yake. Watu walinisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu, mwanangu. Nilikuwa na deni la mtoto, na deni la jicho halilipiki.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nililolificha lilikuwa langu, aliyeumbuliwa akawa mtoto wa miaka minne. Hapo methali hainitoshi.

Kwa hiyo rudi chuoni kesho. Vitafute vile vipande viwili katika daftari lako, uviandike palepale vilipokuwa, hata kama vinaharibu mstari wenu mzuri. Kama ulikosea kuvitayarisha, andika kwamba ulikosea na namna ulivyokosea. Mwalimu akisema kila mtu hufanya hivyo, mwambie bibi yako alifanya, na jina la aliyelipa ni Moraa. Jibu unalolipenda ndilo la kulichunguza mara tatu. Usilolipenda lichunguze mara moja tu, huenda ni la kweli. Na ukiharibu kitu, sema siku ileile, kabla hakijapata karatasi ya kukitetea. Chembe ya jicho ikiguswa na mwanga hupeleka habari ilivyo. Haiulizi ubongo unataka kusikia nini.

Nimemaliza kufoka. Sogea karibu nikuwekee mkono kichwani. Nyasae agosesenie, Mungu akubariki mjukuu wangu. Akupe mkono mtulivu na ulimi usiochelewa. Akupe walimu wanaopenda kusahihishwa, na akikunyima hao, akupe ujasiri wa kuwasahihisha. Na watu watakaoponywa kwa kazi yako wasijue kamwe jina lako, bali wamwone mama yao jua likizama.