Mlango wa Kushindika

Mbithe binti Kimanzi nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Mama yake, Kavindu, alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu pale Taru, nami nilikuwa nikipita na jiwe langu la kunolea visu, kama nipitavyo hadi leo. Mtoto alikua, akashuka pwani, akapokea wageni hotelini Diani miaka minne. Hoteli ikapunguza watu, naye akajifunza kompyuta. Sasa ana kazi ambayo ilinichukua muda kuielewa, na nitaieleza kama alivyonieleza yeye.

Kuna wakala, naye si mtu, ni programu ya akili bandia. Hufungua madirisha meusi ndani ya kompyuta, huandika amri humo, husoma majibu. Kila anachoweza kukifanya huitwa chombo, na kila chombo kina maelezo yake mafupi. Hayo maelezo ndiyo anayoandika Mbithe, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa makarani watakaomtumia wakala ni watu wa hapahapa.

"Babu, yeye ana yale maneno yangu tu," aliniambia. "Nikikosea neno, ameharibu kazi."

Juma lile walikuwa wakihamisha faili za kina mama wajawazito wa zahanati moja upande wa Msambweni. Kompyuta ya zahanati ilikuwa mbovu, diski yake ikikwaruza kama kisu kwenye bati. Kunakili kulihitaji saa sita na zaidi. Jumatatu kazi ikakatika katikati, na ile nusu iliyonakiliwa haikufunguka. Jumanne ikakatika tena. Fundi aliisikiliza ile diski, akasema itavumilia mara moja tu. Baada ya hapo, nani ana damu ya kundi gani, nani alipasuliwa uzazi uliopita, yote yangepotea. Mbithe alirudi nyumbani asile kitu.

Amepanga chumba kwa Bi Twaiba, Ukunda, nami nikipita huko hulala barazani. Jumatano, mvua ikinyesha, Mbithe alitoka nje kuteka maji, akarudi ndani, akafunga mlango, akatia komeo. Mzee Abubakar, mume wa Bi Twaiba, akaja kutoka swala ya alfajiri, akasukuma. Wapi! Tukabisha sote wawili, Mbithe akaja kufungua.

Bi Twaiba alifika mlangoni na upawa mkononi.

"Mbithe! Jana nilikwambia nini juu ya mlango huu?"

"Ulisema niufunge, Mama."

"Nilisema uushindike! Mlango wa kushindika unaurudisha tu, aliyetoka akirudi ausukume, aingie. Wewe umetia komeo! Nyinyi wa bara, mlango mna neno lake moja tu?"

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe," Mbithe akamwambia Mzee Abubakar, aliyekuwa akikamua kanzu.

"Marahaba, mwanangu. Basi leo umeninusuru na kuoga."

Mbithe hakucheka. Alikuwa ameshika komeo, akilisukuma mbele na nyuma. Kisha akasema polepole, "Mimi niliandika 'hufunga dirisha'." Akatoka mbio bila chai, mkoba wazi, mvua ileile.

Nilikuwa na visu vya mgahawa ulio chini ya ofisi yao, nikamfuata. Nilipopanda juu nilimkuta amesimama mbele ya Gilbert, mkubwa wake, mtu wa bara naye.

"Wakala akimaliza kuchungulia dirisha analifunga, kama nilivyomwelekeza," alikuwa akisema. "Na kazi iliyomo inakufa. Anadhani anarudisha mlango, kumbe anatia komeo. Nataka vyombo viwili."

Gilbert akasoma kwenye kioo. "Shindika? Manze, hii ni Kiswahili ya wapi?"

"Ya mwenye nyumba wangu."

"Na wakala ataijua?"

"Asipoijua, maelezo yapo chini yake. Soma."

Baadaye nilimwomba aninakilie kwenye karatasi, ninayo mfukoni. *Shindika: huacha dirisha na kazi yake ikiendelea ndani. Utalirudia kwa jina lilelile. Tumia kazi ikiwa haijaisha.* Halafu: *Komea: huua dirisha na kila kazi iliyomo. Hakuna kurudi. Tumia tu ukishasoma neno IMEKAMILIKA.* Na kwenye chombo cha kusoma aliongeza: *Kimya si mwisho. Kazi kubwa huweza kukaa muda mrefu bila kuandika kitu.*

Walijaribu kwanza na kazi ndogo ya mchezo, ikaenda. Saa tatu asubuhi wakaanza ile yenyewe.

Saa nane mchana dirisha likanyamaza. Mistari iliyokuwa ikipanda ikasimama. Gilbert akainuka.

"Imekwama. Wacha niikate, nianze upya."

"Hakuna upya, Gilbert."

"Na kama imekwama kweli?" Kidole chake kilikuwa juu ya kibonye.

"Basi imekwama. Usiguse."

Nami, niliyekuwa nikinoa mlangoni pa ofisi, niliweka kisu chini, nisije nikakwaruza. Dakika kumi. Kumi na tano. Mbithe alikuwa akitafuna kamba ya mkoba wake. Ndipo wakala akaandika:

*Dirisha la faili za kina mama lina kimya cha dakika kumi na tisa. Sijasoma IMEKAMILIKA. Nimelishindika. Nitarudi.*

Gilbert akarudisha mkono. Wakala akarudi, akachungulia, akashindika tena. Na mara ya tatu mistari ikaanza kupanda. Saa tisa na nusu neno likatokea, na hapo ndipo alipokomea.

Mbithe akafungua faili moja kwa kubahatisha, akaisoma kwa sauti. "Milcah Ndulu. Mimba ya tatu. Alipasuliwa. Damu O hasi." Akagusa kioo. "Upo, mama."

Magharibi tulipofika nyumbani aliurudisha mlango taratibu, akauacha.

"Mzee yumo ndani," Bi Twaiba akapaza sauti kutoka jikoni. "Wote wameshaingia. Komea sasa!"