Pengo la Kinanda katika Wimbo wa Mustafe

Saa tatu asubuhi, na jua la Garissa limeshaingia hadi katikati ya kibanda cha Mustafe Hared. Anasogeza kigoda chake nyuma kidogo kulikimbia, kama anavyofanya kila siku wakati huu. Mdomoni ameshika bisibisi. Mbele yake kuna kinanda kidogo cha zamani kilichofunguliwa tumbo, cha aina ile ya vinavyolia kwa feni ndogo inayopuliza vijibati vilivyopangwa ndani yake.

Anabonyeza kitufe kimoja. Kinanda kinalia. Anabonyeza cha pili. Kimya.

"Huyu bado amenuna," anasema, akikitazama kitufe kile kwa huruma. "Lakini mbaka Jumamosi atasema."

Kiswahili chake amekiokota hapa hapa Soko Mugdi, kwa wateja, na nimemwachia kama anavyokisema, p yake ikigeuka b.

Jumamosi ndiyo siku lori linapoondoka. Litapakia wanamuziki wazee wa makundi matatu waliotamba Mogadishu miaka ya sabini, jenereta moja, spika mbili na dramu za kuazima, kisha lielekee Wajir na kupitiliza hadi Kutulo. Kinanda kitakwenda nalo. Mustafe anataka kumkabidhi mtu mmoja, binamu yake Hamse, ambaye hajamwona tangu Januari 1991, miaka sita sasa, na ambaye hadi mwezi uliopita hakujua kama yu hai.

Sokoni wanamwita Mustafe Kaseti. Ana umri wa miaka hamsini na minne, ndevu zilizotiwa hina, na vidole virefu ambavyo havitulii hata akiwa anakunywa chai. Kuunga utepe uliokatika ni shilingi ishirini. Redio hutegemea ugonjwa wake. Siku nzuri huondoka na shilingi mia moja na hamsini. Siku mbaya huondoka na salamu.

Na kazi haikosekani, kwa sababu hapa kaseti si muziki tu. Kaseti ni barua. Mama aliye kambi ya wakimbizi ya Ifo humrekodia mwanawe salamu, habari za mbuzi na malalamiko yote ya mwaka, akampa dereva wa lori, na mtoto akajibu upande wa pili. Redio ikiutafuna utepe, imetafuna barua ya mtu.

"Mimi nashona tu," anasema Mustafe. "Nguo ikikatika nashona, kaseti ikikatika nashona."

Hushona kwa rangi ya kucha. Mkewe, Saynab, anayeuza vitambaa vibanda vitatu mbele, ana neno juu ya hilo. "Rangi yangu yote iko ndani ya kaseti za watu," anasema. "Arusi ya dada yangu nilikwenda na kidole tano tu."

Wateja wachache wanajua kwamba mshonaji huyu alikuwa mpiga gitaa wa Galool, bendi iliyojiita kwa jina la mti wa mgunga. Walifuga nywele, wakavaa suruali zilizopanuka miguuni, wakapiga roki ya kupasua masikio kwa maneno ya Kisomali katika hoteli za ufukweni. Hamse alipiga kinanda. Walikuwa wamelelewa nyumba moja, wakalala mkeka mmoja, na kwa maelezo ya Mustafe mwenyewe, waligombana kila siku ya Mungu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya wimbo mmoja, ule uliowapa jina, wa msichana aliyehama na ngamia mvua iliponyesha. Katikati ya wimbo gitaa huuliza, kisha hunyamaza, na kinanda hujibu. Hamse alijibu vizuri ajabu, ila mwishoni. Sauti ya mwisho aliiangusha chini kidogo ya panapotakiwa, kama mtu aliyekosa ngazi. Kila onyesho alikosea hapo hapo.

"Tulienda kurekodi kwa redio, tukashinda bale siku nzima mbaka akabiga sawa," anakumbuka Mustafe. "Mara moja tu! Ndiyo hiyo watu wote wanajua. Kesho yake kwa jukwaa, amekosea tena. Nikamwambia, warya, wewe una shida gani? Akasema, bale chini ndiyo moyo yangu inataka."

Vita vilipoingia mjini, familia ilipata nafasi kwenye lori. Hamse alisema anakwenda mtaa wa pili kumchukua mama yake, atawakuta Afgoye. Walimngoja Afgoye siku mbili. Hakuja.

Mustafe alivuka mpaka Liboi na gitaa lake akiwa amelifunga katika shuka la Saynab na kulikumbatia kifuani. Mlinzi mmoja alimpisha mbele ya foleni, akampa pole. "Alifikiri nimebeba mtoto mgonjwa," anasema. "Mimi sikumwambia hapana. Nilikuwa nalia, kwa hiyo ilikuwa kama kweli."

Milima haikutani, wanadamu hukutana, na wanamuziki hawa walikutana kwenye foleni ya maji kambini Ifo. Kulikuwa na Fowsiya, mwimbaji ambaye zamani picha yake ilibandikwa kila kinyozi. Kulikuwa na wazee wawili wa bendi ya Jilaal, mahasimu wakubwa wa Galool, wakiongozwa na Mowlid, mpiga gitaa la besi mwenye ulimi mkali kuliko wembe. Na alikuwapo Alio, mpiga dramu wa kundi la tatu, lile la Fowsiya.

Fowsiya ndiye aliyewaweka pamoja, mwaka 1994. "Mimi nilisema hifi: beke yako wewe ni mzee maskini," anaeleza. "Lakini sisi wote siku moja, jukwaa moja, sisi ni sherehe."

Kila kundi hupewa nyimbo nne. Kwa kuwa hakuna lililobaki na watu kamili, huazimana wapigaji kama majirani wanavyoazimana sufuria. Alio huwapigia dramu wote, hata wale ambao zamani aliapa hatawapa salamu. Huanza baada ya swala ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi, kwa sababu ya heshima ya msikiti na kwa sababu ya barabara zetu, ambazo hazipendi msafiri wa gizani. Wakishalipa dizeli na lori, kila mmoja hubaki na shilingi mia tatu, mara nyingine mia nne. Mowlid siku zinazobaki huuza maji kwa mkokoteni wa punda.

Onyesho la kwanza lilikuwa hapa Garissa, na hapo ndipo pengo lilipoanza. Mustafe aliufikia ule wimbo, gitaa likauliza, na pale kinanda kinapojibu, yeye aliweka kiganja juu ya nyuzi akanyamaza. Alio akabaki akigonga ukingo wa dramu taratibu kwa kijiti kimoja. Watu wakatazamana. Kijana mmoja akapiga kelele, "Jenereta imekufa!"

Wenzake walikasirika. Mowlid alimwuliza kama watu wametoa fedha zao waje kununua kimya. Fowsiya alijitolea kuimba sehemu ile kwa sauti yake. Mustafe alikataa.

"Hiyo ni nafasi ya mtu," ananiambia, kwa upole ule ule ambao bila shaka aliwaambia wao. "Mtu hajafa, wewe unakalia kiti yake? Na kama amekufa, nani ameniambia?"

Basi ikawa hivyo kila walikokwenda. Watu wakazoea. Wengine walianza kuja mahususi kusikiliza mahali ambapo hapapigwi kitu.

Mwaka jana walipiga Ifo, uwanja wa shule. Mbele ya jukwaa zilipangwa redio kaseti nyingi kiasi kwamba Fowsiya alikosa pa kukanyaga, na wenyewe wamezichuchumalia, kila mmoja akirekodi. Jioni ile ule wimbo uliondoka kambini katika mifuko ya watu, pengo lake likiwa ndani, ukaenda kwa malori hadi Wajir, Buna, Mandera, na kokote dereva anakopata chai.

Mwezi uliopita, Dekow, mfanyabiashara wa ng'ombe wa hapa mjini, alikuja kibandani akiwa amekasirika, na kaseti mkononi inayoning'iniza utepe kama utumbo wa mbuzi. Redio ya lori lake ilikuwa imeitafuna njiani akitoka kaskazini.

Mustafe alikata kipande kilichokunjamana, akaunga kwa rangi ya kucha, akazungusha kwa kalamu, akaiweka redioni kuijaribu. Lilikuwa onyesho lao la Ifo, lakini likisikika kwa mbali, kama linapigwa chumba cha pili. Mtu alikuwa ameiweka redio moja ilie, akairekodi kwa redio nyingine. Punda alisikika. Gitaa likauliza, likanyamaza.

Na hapo, karibu kabisa na redio, mwanamume akajibu kwa mdomo. Hakuwa na kinanda. Aliimba kinanda chote kwa ulimi na meno, sauti kwa sauti, huku akigonga dumu kwa vidole. Alipofika mwisho, akaiangusha chini.

"Nilifikiri fundi ameugua," Dekow ananisimulia. "Ameshika redio na mikono mbili, analia. Nikamwambia, warya, hiyo kaseti ni ya shilingi hamsini tu, wacha kulia!"

Nilimwuliza Mustafe alihisi nini. "Furaha inauma," alisema. "Hiyo sikujua."

Baada ya sauti ile ya chini, mwanamke anasikika kwa Kisomali, akisema chai inapoa. Mwanamume anasafisha koo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Halafu basi. Hapo ndipo redio ya Dekow ilipotafuna. Mustafe alikikunjua kile kipande, akakipasha joto, akakipiga pasi chini ya kitambaa, lakini hakitoi ila mkwaruzo. Amekihifadhi katika kiberiti kitupu. Dekow amemwomba radhi mara nyingi, na siku hizi redio zake zote anazileta zisafishwe kabla ya safari.

Saynab hashughulishwi sana na kile kilichopotea. Yeye ameshika ile chai. "Kuna mtu anamwambia chai inaboa," alisema, akifuta macho kwa ncha ya shungi lake. "Basi hayuko beke yake."

Dekow aliipata kaseti Kutulo, kwenye hoteli ya chai, kwa kubadilishana na nyingine. Mustafe alituma ujumbe kwa wale wapiga redio za masafa marefu wanaounganisha jamaa waliotawanyika. Jibu lilikuja kwamba mwenye hoteli anakumbuka kaseti, ila ilikuja na watu wapitao, na hawajui wanaume wote wanaoimba kwa mdomo.

Kwa hiyo alibaki na njia moja, kwenda. Na peke yake hangeweza: nauli hana, na msanii mmoja na gitaa lake hajazi hata kibaraza. Ilibidi wote waende, na wazee wa Jilaal walikuwa wameapa hawavuki Wajir. Barabara ni mbaya, migongo yao ni mibaya zaidi. Fowsiya naye alikuwa na shaka. Alisema wimbo ule kila mtu anaujua, na majonzi humfanya mtu asikie anachotaka.

Mustafe aliwaita nyumbani kwake, akawapa chai, akaiweka kaseti bila neno. Nimesimuliwa mkutano huo na watu watatu, na wote wanakubaliana kwamba Mowlid alisikiliza akiwa ametazama mlango kama mtu mwenye haraka. Sauti ya mwisho ilipoanguka, akageuka.

"Mbumbafu huyu," akasema. "Kwa ile rekodi ya redio alibiga sawa. Dunia yote inabiga sawa. Huyu miaka ishirini na bado anakosea bale bale."

Kisha akavua kofia yake, akajifuta nayo uso. Akauliza lori linaondoka lini.

Tangu siku ile Mustafe amekuwa akitengeneza kinanda. Alikinunua kwa kulipa kidogo kidogo kutoka kwa muuza vitu vikuukuu aliyekuja toka Nairobi, kikiwa na kutu na kiota cha mende. Kila kijibati amekisugua kwa tupa ndogo hadi sauti yake ikakaa sawa. Kimebaki kimoja, yule aliyenuna.

Saynab ameshashona mfuko wake, kwa lile lile shuka lililovuka Liboi.

Namwuliza swali ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu asubuhi. Je, asipokuwa Kutulo?

Mustafe hakasiriki. "Basi nitabiga wimbo, nikifika bale nitanyamaza," anasema. "Watu wa Kutulo wana redio. Watarekodi. Kaseti inajua kutembea kuliko mimi." Anapuliza vumbi ndani ya kinanda. "Yeye alinijibu mara moja. Akisikia nauliza tena, atajibu tena."

Anabonyeza kile kitufe. Hakuna kitu. Anakichokoa kijibati kwa ncha ya bisibisi, anabonyeza tena, na safari hii kinatoka, chenye mkwaruzo kidogo, chini kidogo ya panapotakiwa.

Anachukua tupa kukipandisha. Anabonyeza tena, anasikiliza kichwa kikiwa upande, kisha anacheka peke yake, anairudisha tupa sandukuni na kuanza kukifunga kinanda.