Damu Aliyoikataa Jicho

Maabarani tunamwita Jicho, maana miaka ishirini na mbili ameinamia hadubini hadi shingo imepinda. Mkaidi huyo! Nimegombana naye kuliko nilivyogombana na mume wangu. Lakini mpwa wake alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, na dada mtu alipofariki, Jicho ndiye aliyemlea binti na kumpima damu kila mara. Chembe zake zilizopinda kama mundu alizitambua kama unavyotambua mwandiko wa nduguyo.

Mwaka huu madaktari walitoa seli za uboho wa binti, zile zinazozaa damu, wakazipandikizia jeni nzima, kisha wakamrudishia. Tukaambiwa tusubiri miezi sita. Kufikia hapo damu ya watu wengine aliyoongezewa itakuwa imekwisha mwilini. Chembe za mviringo zikionekana, ni zake mwenyewe. Zisipoonekana, kazi bure, na yale maumivu ya mifupa yatarudi palepale.

Siku ikafika. Jicho akachungulia kidogo tu, akaona mviringo tupu, akainuka amefura. Akamshukia muuguzi wa watu, eti amebandika jina la binti kwenye chupa ya mtu mwingine. Kioo chenye tone la damu akakitupa. Nikamwambia angalia vizuri kwanza. Akanijibu hajaanza leo kuijua damu ya mtoto wake. Loo, nilitamani kumzaba kibao.

Binti akaitwa tena. Akaja anacheka, akamtania mjomba kwamba siku hizi amekuwa mbu. Jicho akamtoa damu mwenyewe, akaandika jina mwenyewe, akalisoma mara tatu. Hapo nikaelewa kumbe hasira zote zile zilikuwa woga. Nikamhurumia.

Binti akasubiri nje. Robo saa nzima mjomba mtu akawa anasogeza kioo taratibu. Mviringo, mviringo, mviringo. Ghafla mkono ukasimama.

"Njoo uone," akaniambia.

Kati ya chembe za mviringo palikuwa na mbili zimepinda. Daktari alishatuonya kwamba zitabaki chache, kwa kuwa jeni ya zamani haiondolewi.

"Ni yeye," akasema Jicho. "Hizi mbili ni zake. Basi na hizi nyingine zote ni zake."

Miaka yote alizilaani chembe zile. Leo alizishukuru, machozi yanadondoka mezani, na binti akagonga mlango kuuliza kama mjomba amelala humo ndani.