Stika ya Kijani ya Kitanda cha Nne

Uvumilivu wangu uliishia kwenye ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha nne, wodi ya watoto, nakwangua pembe ya stika ya kijani iliyobandikwa kwenye mashine ya oksijeni. Sikuwa na nia yoyote, ni mikono tu ya mtu mwenye hofu. Stika ikainuka. Chini yake palikuwa na karatasi nyekundu imeandikwa kwa kalamu: ISITUMIKE. TAA YA NJANO HAIZIMI.

Taa ya njano ilikuwa inawaka mbele ya macho yangu. Na mpira wa mashine ile ulikuwa puani mwa binti yangu wa miezi saba, mwenye nimonia.

Nilikuwa nimeshamwita nesi mara mbili. Mara ya kwanza alisema taa hiyo huwaka mwanzoni, itazima yenyewe. Mara ya pili alininyooshea kidole kwenye stika. "Mama, hii mafundi wameikagua jana. Tena mafundi wa kanda nzima. Tulia." Kile kifaa cha kubana kidole, cha kupima oksijeni ya damu, kilikuwa kinasoma themanini na nne, na ni yeye huyo huyo aliyeniambia siku tulipolazwa kwamba ikishuka chini ya tisini nipige kelele.

Safari hii sikuita. Nilimfuata mezani kwake, nikamshika mkono, nikamleta. Akaisoma karatasi nyekundu.

"Mwandiko wa nani huu?" nikamuuliza.

"Wangu," akasema, na kutoka mbio.

Alirudi anaviringisha mtungi wa oksijeni kutoka wodi ya wazazi. Baada ya muda namba ikapanda, tisini, tisini na tatu, na mbavu za mwanangu zikaacha kuingia ndani kila anapovuta pumzi. Kitanda cha tano mtoto mwingine alikuwa anakohoa, na kwenye kona mashine ya pili ilikuwa inamsubiri. Nayo ina stika ya kijani.

Chama cha mafundi wa vifaa tiba cha kanda yetu kina utaratibu mzuri, sikatai. Kila mwaka kabla ya mkutano wao wanachagua hospitali moja, wanashinda hapo wakitengeneza mashine bure. Iliyopona inapewa stika yenye tarehe na herufi za jina la fundi. Ijumaa ile walikuja kwetu na makoti yao ya bluu. Niliwaona wakibandika. Mgeni rasmi akaja, picha zikapigwa, wakaenda kunywa chai. Umeme ukakatika. Gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, na sisi tunakaa gizani. Mafundi hawakurudi, na mimi nikadhani wamemaliza kazi. Jumamosi asubuhi mtungi wa mwanangu ulipoisha, nesi akachukua mashine yenye kijani. Angejuaje?

Mama yangu alikuwa amefika na uji kutoka Likombe. Nikabandua stika ya kijani na karatasi nyekundu zikiwa zimeshikana, nikamwonyesha, nikamwachia mtoto.

"Unakwenda wapi na sura hiyo?"

"Magomeni ya hapa kwetu. Mafundi wako ukumbini, wanachagua viongozi."

"Basi funga kilemba vizuri, wasije wakasema kichaa."

Mlangoni mwanamke wa kuandikisha majina aliniangalia khanga na kandambili. "Dada, chakula kinapita nyuma."

"Sijaleta chakula," nikasema, nikapita.

Nilisimama mbele ya meza ya mwenyekiti, mzee wa tai na miwani. Nikaweka stika juu ya karatasi zake za kura. Nikasema ilikotoka.

"Mama, pole sana," akasema. "Ila kikao hiki ni cha wanachama."

"Herufi hizi ni za mwanachama gani?"

Katikati ya viti akasimama fundi mmoja, mwembamba, hana ndevu za kutosha. "Ni zangu, dada. Tulibandika kwanza ili mgeni rasmi akute kazi imeonekana. Tukasema tutapima baada ya chai. Umeme ukakatika."

"Ulipokatika mlizibandua?"

"Nesi naye anatakiwa kuwa makini," sauti ikatoka nyuma.

"Nesi aliandika isitumike kwa mkono wake," nikasema. "Ninyi mkamziba mdomo kwa stika."

Kuna mtu aliguna. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. "Mama, chama chetu kina kamati ya maadili. Malalamiko yanapokelewa kwa maandishi." Nadhani alitegemea nirudi nyumbani nikakae na maandishi yangu.

"Nipeni karatasi."

Hawakuwa nayo. Nikageuza ajenda ya mkutano wao, nikaomba kalamu kwa yule yule fundi, nikaandika nimesimama:

Kwa Mwenyekiti wa Chama.

YAH: MASHINE KUBANDIKWA STIKA KABLA YA KUPIMWA

Mimi ni mama wa mtoto wa kitanda cha nne. Nalalamika kwamba fundi wenu alibandika stika ya kijani juu ya onyo jekundu, akaenda kunywa chai, na mwanangu akapewa mashine hiyo mpaka akashindwa kupumua. Nalalamika pia kwamba wote mlijua mashine hazijapimwa na mmekuja hapa kupiga kura.

Sitaki pole. Nataka stika zote za Ijumaa zibanduliwe leo, kabla ya kura, na mashine zipimwe na aliyebandika, nesi akiwepo. Mashine ya kitanda cha tano ianze, kwa sababu mtoto wake bado anakohoa.

Stika nimeiambatisha. Naomba nakala yenye saini yenu na saa mliyoipokea. Kama kura haziwezi kusubiri, andikeni hivyo hapa chini, mtie saini. Nasubiri mlangoni.

Mama wa kitanda cha nne.