Jogoo wa Arobaini ya Kaka Shabani

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano tulimzika kaka yangu Shabani, na kwenye arobaini yake mimi, mdogo wake wa pekee, nilikalia beseni la kachumbari mbele ya shekhe na wageni wote waliokuja kumwombea dua. Naona aibu hata kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa Kisarawe nzima (basi, siyo nzima, ni kijiji chetu na viwili vya jirani) wanaisimulia na kila mtu anaongeza lake, bora niisimulie mwenyewe nisiongeze kitu.

Kaka Shabani alikuwa fundi redio pale Maili Moja, Kibaha, na mimi nauza vitumbua pembeni ya kibanda chake. Redio ikishapona lazima iachwe inaongea ili fundi ajue kama itazima tena, na yeye aliziacha kwenye vipindi vya maelezo, siyo vya muziki, kwa hiyo kutwa nzima alikuwa anasikia habari za wanyama na radi na nani alibuni nini. Magazeti ya zamani niliyonunua ya kufungia vitumbua ilikuwa lazima ayasome kwanza yeye, mteja amesimama anasubiri. Halafu akishajua kitu hawezi kukaa nacho. Atakwambia jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake. Atakwambia radi ina joto kuliko uso wa jua, na atakwambia hivyo wakati radi inapiga na wewe unatafuta pa kujificha. Treni mpya ilipoanza kupita Soga alikwenda Kisarawe kumwambia mama kwamba dereva wa treni hana usukani, mama akamuuliza sasa inakataje kona, akaeleza mpaka chai ikapoa.

Mimi nilimwamini. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini nilimjua kaka yangu, alikuwa hawezi kudanganya hata bei ya betri. Kijijini kwetu lakini walimwita Shabani Muongo. Hawakumwita kwa ubaya, walimpenda, akifika tu wanamzunguka, "haya Muongo, leo umetuletea nini?" naye anacheka na kuwapa. Alipokuwa hai jina hilo halikuniuma. Alipokufa ndipo likaanza kuniuma, maana mtu akishakufa hawezi tena kubisha, na lile jina ndilo linabaki. Mama lilimuuma zaidi. Siku zote za matanga mtu akisema "marehemu Muongo," mama anainuka, anaingia ndani na kufunga mlango.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Wanaume walikaa mbele ya nyumba chini ya turubai wakimsubiri shekhe aanze, sisi wanawake tulikuwa uani tunapika, na mkuu wa jiko alikuwa Bi Tatu, mke wa mjomba wangu, ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti. Na alikuwepo Maganga. Maganga ni Mnyamwezi aliyeoa kwetu miaka mingi, na kwa kuwa Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani, kwenye msiba wetu ana ruhusa ya kufanya lolote, kumuigiza marehemu, kukamata kitu chochote na kusema ni chake, na hakuna wa kumkasirikia, ndiyo mila. Siku hiyo alikuwa amemkamata jogoo. Tena siyo jogoo hivi hivi, ni yule mwekundu aliyekuwa achinjwe kwa kitoweo cha shekhe. Amemfunga miguu kwa kamba, amembana kwapani, mkono wa pili ameshika redio mbovu sikioni, anatembea uani kwa ule mwendo wa kaka yangu wa kuinamisha bega.

"Je, mnajua," akasema (na sauti aliipata hasa, Mungu anisamehe nilicheka), "je, mnajua kwamba mbu ana magoti mawili ya akiba?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Je, mnajua kwamba Mzaramo akisikia ngoma masikio yanaota vidole?"

"Na Mnyamwezi akiona mzigo?" Bi Tatu akamjibu kutoka jikoni. "Shingo inakuwa fupi!"

Tukacheka wote, ilikuwa raha, kaka angekuwepo angecheka kuliko sisi. Ila Maganga akamwinua yule jogoo juu na kusema, "Lakini uongo mkubwa kuliko wote jamani, Muongo alituambia eti kuku ukimlaza chini na kumchorea mstari mbele ya mdomo, anaganda kama jiwe! Mstari! Kuku!"

Nikamwona mama, aliyekuwa amekaa kizingitini, ameshika mlango anainuka.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mimi si mtu wa maneno, kwenye shughuli watu husahau kama nipo, lakini niliweka mwiko chini nikasema, "Hilo si uongo."

Wanawake wote wakageuka kunitazama.

"Heee! Mtani wangu ana mdomo!" akasema Maganga. "Umewahi kuona?"

"Alifanya mbele yangu."

"Haya, tufanyie. Akiganda, naenda mbele ya shekhe natamka kwamba marehemu hakuwa muongo, na jina hilo halitamkwi tena hapa. Asipoganda, unakwenda wewe kutamka kwamba alikuwa muongo. Umekubali?"

Nikamtazama mama. Alikuwa hajaingia ndani. Nikasema nimekubali.

Ukweli ni kwamba niliona kaka akifanya hivyo mara moja tu, tukiwa watoto, tena kwa kuku jike mpole. Huyu alikuwa jogoo mwenye hasira zake, na kumfungua tu miguu alinidonoa kidoleni mpaka nikapiga kelele. Nikamlaza, akainuka. Nikamlaza tena, akanipiga bawa la uso. Maganga anaimba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "anamlaza, anainuka, Mzaramo anapoteza!" na kelele zile zikawaita wanaume, wakaanza kuja mmoja mmoja kutoka kwenye turubai, kila mmoja anasema anakuja kuwaambia wenzake warudi, lakini harudi. Mara ya tatu nikamkandamiza taratibu, kichwa chake nikakigusisha mchangani, nikaweka kidole mbele ya mdomo wake na kuvuta mstari ulionyooka kwenda mbele, nikarudia, nikarudia. Nikaondoa mkono.

Jogoo akabaki palepale. Jicho wazi, ameutazama mstari, hatikisi hata unyoya.

"Subhanallah," mtu mmoja akasema.

Jamani, nilisikia furaha ambayo sikuisikia tangu tumzike. Nikasimama nikiwatazama wote kama vile mimi ndiye niliyemuumba kuku. Mama alikuwa amesogea hatua mbili uani. Maganga ameshusha redio. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana mpaka leo.

Lakini jogoo hakuinuka. Tulisubiri, hakuinuka. Maganga akaniambia kwa sauti ndogo, siyo ya utani tena, "Sasa mwamshe, mtani."

Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile ya utotoni, kaka alipofika kwenye kumwamsha kuku, mimi nilikuwa nimeitwa kuteka maji.

"Amka," nikamwambia jogoo. (Ndiyo, nilimwambia. Sikujua la kufanya lingine.)

Bi Tatu akainama, akamtazama, akainuka na ile sauti yake. "Amekufa! Huyu ni kibudu! Kitoweo cha shekhe kimekuwa kibudu!"

Kama wewe ni Mwislamu unaelewa, na kama siyo nikueleze kwamba mnyama akifa mwenyewe bila kuchinjwa haliwi, ni wa kutupwa. Kwa hiyo uani kukawaka moto. Wengine wanasema anapumua, wengine hapumui, shangazi mmoja anauliza nani atamwambia shekhe, na mjomba wangu, mume wa Bi Tatu, ambaye ndiye aliyekuwa amchinje, akaja mbio na kisu mkononi anapiga kelele, "Kama bado ana roho anafaa! Mgeuzeni kibla! Mgeuzeni haraka!" Akamshika miguu.

Jogoo akaamka. Sijui ni kuguswa, sijui ni kisu, lakini aliamka kwa nguvu zote za kuku aliyepumzika vizuri, akampita mjomba chini ya kwapa, akakanyaga sinia la pilau, akaruka kichwani kwa mzee mmoja na kuondoka na kofia, akaelekea mbele ya nyumba. Na Maganga, badala ya kunyamaza, akapaza sauti, "Shahidi anakimbia! Mkamateni shahidi!"

Mimi nikakimbia. Sijui kwa nini mimi. Mfiwa, nimejitanda khanga, nakimbiza jogoo katikati ya arobaini ya ndugu yangu. Nilimkosa mkia kidogo tu, mguu ukaingia kwenye kamba ya turubai, mti uliolishikilia ukang'oka, turubai lote likashuka polepole kama mtu anayejifunika shuka likawafunika shekhe na wazee waliobaki naye, na mimi nikarudi kinyumenyume, moja, mbili, nikatafuta pa kushika nikakosa, nikakaa. Nilikaa kwenye kitu chenye ubaridi. Beseni kubwa la kachumbari, limewekwa hapo wakati huohuo tayari kwa kupakuliwa, vitunguu, nyanya, ndimu, na pilipili ya Bi Tatu ambayo sitaieleza zaidi.

Hakuna aliyecheka. Ndicho kilichonitisha. Watu walikuwa wamesimama na mikono midomoni, wanatazama turubai linavyotembea, vichwa vya wazee vinatafuta njia chini yake. Halafu ndani kabisa ikatoka sauti ya shekhe, kwa utulivu.

"Kwani huyo jogoo alikuwa ameganda kweli?"

"Aliganda kweli, shekhe," nikajibu kutoka kwenye beseni.

"Kwa mstari?"

"Kwa mstari, shekhe."

"Ajabu," ikasema sauti, na ndipo uwanja mzima ukaangua kicheko, wanaume, wanawake, wazee chini ya turubai, mjomba na kisu chake. Nimekwenda misiba mingi, sijawahi kusikia kicheko kama kile.

Maganga alitimiza ahadi, hilo lazima niseme. Turubai lilipoinuliwa akasimama mbele ya shekhe, akavua kofia, akasema, "Mimi Maganga, mtani wa nyumba hii, natamka kwamba marehemu Shabani hakuwa muongo. Muongo ni jogoo, aliyejifanya maiti. Na tangu leo atakayemwita marehemu kwa jina lile, nitabeba sufuria lake mpaka nyumbani kwangu." Shekhe akasema amin. Jogoo alionekana juu ya bati la jirani, akawika, na shekhe akasema huyo aachwe, yeye atakula pilau kama wengine. Wote walikula pilau, bila kachumbari, na mpaka leo Bi Tatu akinikuta barabarani ananikumbusha vitunguu vilikuwa kiasi gani.

Nimejiapiza sitafanya tena majaribio ya kuku wala ya mnyama yeyote mbele za watu. Mtu akibisha, namwacha abishe, au namwambia akajaribu kwao, na kwanza ajifunze namna ya kumwamsha.

Mama ndiye aliyenitoa kwenye beseni. Alikuja na khanga yake, akanifunga, akanishika mkono, akanipeleka bafuni nyuma ya nyumba akanikalisha kwenye kigoda, akachota maji kwa kata na kuanza kunimwagia mgongoni kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Nilidhani nitasemwa. Alimwaga kata ya kwanza, akachota ya pili.

"Alikwambia na mengine?" akauliza.

"Mengi, mama."

"Nipe moja."

Nikafikiri. Nikamwambia, kipepeo anaonja chakula kwa miguu. Akitua juu ya kitu, miguu ndiyo inayomwambia kama ni kitamu.

Mama akaitazama miguu yake mwenyewe kwenye maji, akachezesha vidole.

"Na akikanyaga pilipili je?"

"Hilo hakuniambia, mama."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kata chini, akashika ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Shabani angejua," akasema. "Shabani hilo angelijua."

Akaokota kata, akaendelea kunimwagia maji.