Uzito wa Bibi

Harufu ya grisi ikichanganyika na ya karafuu, narudi moja kwa moja uani kwetu Gitega.

Baba alikuwa amenunua shokapu mpya za mbele za pikapu yetu, kwa sababu bibi, mama yake, aliapa kutoipanda tena kwenda Muyinga kula Idi kwa shangazi. Safari iliyopita ilimuumiza kiuno. "Ile gari iko kama punda," alisema.

Shokapu ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto ikagoma: juu imefungwa, chini matundu ya bolti hayakutani. Baba akipampu jeki, pua ya pikapu inapanda nayo, springi haibonyei ili matundu yakutane. Akatukalisha watoto wanne kwenye bampa. Tulicheka sana, springi haikujali.

Akafuta mikono, akamfuata bibi aliyekuwa barazani akitwanga karafuu za pilau.

"Mama, kuya ukae pale mbele kidogo."

"Mi siko jiwe."

"Ndiyo, Mama. Lakini we ndiyo uko na uzito."

Bibi akafunga kitenge upya, akaja kukalia bampa na kinu chake kidogo mapajani. Baba akapampu. Springi ikabonyea, bolti ikapita.

"Sasa iko laini," bibi akasema, akaendelea kutwanga.

Juzi fundi aliyekuwa akifunga shokapu za gari langu alikwama vivyo hivyo mbele ya nyumba yangu. Watoto wangu wote waligeuka wakanitazama. Nikafunga kitenge upya, nikaenda kukalia bampa.